U ya tatu: kisa cha neno refu lenye herufi za UHURU

Jumamosi moja kabla ya tarehe 9 Desemba nilibandika karatasi kwenye ukuta wa baraza ya nyumba yetu, Ngamiani, Tanga. Niliandika hivi: "Tafuta neno refu kuliko yote la Kiingereza lenye herufi zote za UHURU. Majibu saa kumi alasiri." Zawadi ilikuwa kamusi mpya pamoja na kapu la machungwa ya Muheza. Kikundi chetu hukutana barazani hapo kila Jumamosi kucheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, na kusoma Kiingereza. Siku hiyo tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wanafunzi wa sekondari, na watu wazima wachache wanaopenda kukaa nasi, akiwamo mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa rangi katika kiwanda cha nguo miaka mingi iliyopita.

Nilidhani ni swali la saa mbili, likatuchukua siku nne. Nimelieleza hapa hatua kwa hatua kwa ajili ya walimu na vijana wanaohangaika na mafumbo ya namna hii, maana wengi hukodolea herufi macho mpaka zinawachezea, na wakishachoka hukimbilia simu. Ipo njia nzuri zaidi, na sisi wasemaji wa Kiswahili tumeizoea tangu utotoni bila kujua kwamba tunayo.

Majibu ya saa kumi

Aliyetangulia ni kijana wa chuo. Alikuwa ameingiza herufi kwenye tovuti ya kutafutia maneno, ikamletea *pseudopseudohypoparathyroidism*, jina la ugonjwa wa kurithi, herufi 30. Baraza nzima ilipiga makofi. Nikaomba tuhesabu pamoja kwa sauti. H zipo mbili, r zipo mbili. U? Moja katika *pseudo* ya kwanza, moja katika *pseudo* ya pili. Basi. UHURU inataka u tatu.

Kijana akapinga, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. "Mwalimu, umeandika herufi zote za UHURU. Herufi za UHURU ni u, h na r. Zote zimo humu."

Kwa hisabati ya seti tuliyosoma shuleni yuko sahihi kabisa. Seti haijali kurudiwa: ukiandika u, h, u, r, u ndani ya mabano ya seti, umeandika u, h, r. Hapo ndipo nilipoona kwamba karatasi yangu ilibeba maswali manne ndani ya sentensi moja. Swali la kwanza: neno liwe na u, h na r, mara ngapi si kitu. La pili: neno liwe na h moja, r moja na u tatu, zikae popote. La tatu: herufi hizo zifuatane kwa mpangilio wa neno uhuru, hata kama kati yake zimeingia nyingine. La nne: *uhuru* iandikwe nzima, imeshikana, ndani ya neno.

Swali la nne lilijibiwa papo hapo na binti wa kidato cha tatu. "Mwalimu, si uhuru yenyewe imo kwenye kamusi za Kiingereza?" Imo. Kiingereza kililichukua neno letu wakati nchi za Afrika Mashariki zikidai na kupata uhuru, kama kilivyochukua *harambee* na *ujamaa*. Hata setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani iliitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Lakini *uhuru* ina herufi tano tu, na sisi tulitaka ndefu.

Swali la kwanza halina utamu. Maneno yenye u, h na r ni mengi kupita kiasi, na anayeshinda ni yule mwenye jina refu zaidi la ugonjwa au la kemikali. Hata hivyo lilitufundisha kitu, kwa sababu kijana mwingine alileta lile neno maarufu la herufi 45, *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*, lililotungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha watatuzi wa mafumbo cha Marekani, kwa lengo hilohilo la kuwa refu. Lina u mbili na r mbili, ila halina h hata moja. Herufi 45, na bado haikidhi hata lile swali jepesi! Tukalijaribu na *honorificabilitudinitatibus*, herufi 27, ambalo Shakespeare alilitia kinywani mwa mchekeshaji wake. H ipo, r ipo, u mbili. Imekosa u moja.

Nikaamua mbele ya wote kwamba tunashindania swali la pili, lenye u tatu, kwa sababu sisi ni wachezaji wa Scrabble na vipande vya Scrabble havijirudii bure. Katika seti ya Kiingereza ya vipande 100, U ni vinne tu, H ni viwili, R ni sita. Ukiweka UHURU ubaoni umemaliza U tatu kati ya nne zilizopo. Kijana wa chuo aliridhika, nami nilimshukuru kwa kunibana.

Herufi inayochuja

Kabla ya kuendelea na majibu niliwataka wafanye jambo moja: waandike kila neno walilolikaribia wakalikosa. Hapa pana mafunzo kuliko kwenye majibu sahihi. Orodha ilijaa haraka: *thunderous*, *thunderstruck*, *upthrust*, *throughput*, *superhuman*, *unhurried*, *hurtful*, *outrush*. Yahesabu yote. H ipo, r ipo, u mbili. Kisha orodha ya pili, fupi zaidi: *unfruitful*, *usurious*, *murmurous*, *unscrupulous*. Haya yana u tatu au nne, na r, lakini hayana h. Na *unthoughtful*: u tatu, h mbili, r hakuna.

Binti wa kidato cha tatu akaongeza jina la samaki wa Hawaii alilolikuta kwenye chemsha bongo, *humuhumunukunukuapuaa*. Herufi 21, u tisa, h mbili. R haipo, na haiwezi kuwapo, maana Kihawaii hakina sauti ya r kabisa. Nililipenda sana neno hilo ingawa halikutusaidia.

Ukizitazama orodha hizi mbili unaona mlango ulipo. Tatizo si h wala r. Tatizo ni u ya tatu. Mtu anayeanza kwa kuwaza "maneno yenye h" atazunguka siku nzima. Aanze na herufi iliyo adimu kwa idadi inayotakiwa, nyingine zitafuata. Kiingereza hakipendi u. Ukilinganisha na e au a, u imepungukiwa mno, na Alfred Butts aliyebuni Scrabble katika miaka ya 1930 aliliona hilo kwa kuhesabu herufi katika kurasa za magazeti, ndiyo maana akaipa vipande vinne tu wakati e ina kumi na viwili. Kwa hiyo swali letu likageuka. Badala ya "neno gani lina herufi hizi?" tukauliza: Kiingereza kinapata wapi u zake?

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Kiswahili akae vizuri.

Sisi hatulioni neno kama mstari wa herufi. Mtoto wa miaka mitano anayesema "hawakutupikia" amekwisha kupanga kikanushi, nafsi, wakati, mtendwa, shina na kauli ya kutendea bila kufundishwa na mtu. Hata *uhuru* yenyewe tunaijua mshono wake: *u-* ya kuundia nomino dhahania, halafu *huru*, iliyotoka Kiarabu. Kiingereza nacho, ingawa si lugha ya viambishi kama yetu, maneno yake marefu yameshonwa vivyo hivyo: kiambishi awali, shina, kiambishi tamati. Basi acha kutafuta herufi. Tafuta viambishi vyenye u.

Tulivitaja barazani, mimi nikiandika kwa chaki. Vya mbele: *un-*, *sub-*, *super-*, *under-*, *out-*, *counter-*, *ultra-*, *pseudo-*, *multi-*. Vya nyuma: *-ous*, *-ful*, *-ure*, *-tude*. Kilicho rahisi kuliko vyote mbele ni *un-*, maana kinakubali kushika karibu sifa yoyote. Nyuma ni *-ful* na *-ous*. Ukishika *un-* mbele na *-ful* nyuma umekwisha pata u mbili bila jasho, na kilichobaki ni shina moja fupi la katikati lenye u, h na r. Mashina ya namna hiyo yanahesabika kwa vidole: *truth*, *hurt*, *church*, *brush*, *thrust*, *humour*, *sulphur*.

Sekunde chache, baraza ikalipuka. *Un-truth-ful*! *Un-hurt-ful*! Kisha kwa *-ous*: *un-humor-ous*. Na *sulphur-ous*, ambalo halihitaji hata *un-*, kwa sababu shina lake peke yake lina u mbili, h na r.

Nimefundisha Kiingereza muda mrefu na sijawahi kuona somo la mofolojia, yaani muundo wa maneno, likiingia kwa kasi ile. Vijana walewale ambao darasani huona viambishi kuwa adhabu walikuwa wanapandisha na kushusha *un-* na *-ful* kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli.

Neno *unhurtful* lilitiliwa shaka. Kamusi yetu ya mezani haikuwa nalo. Lakini ni neno halali la zamani: limo katika tamthilia ya Shakespeare, *Measure for Measure*, pale mtawala aliyejificha anapomwambia mpiga domo mmoja kwamba labda amemdhania kuwa mpinzani asiyeweza kumdhuru. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare na hii si mojawapo. Nimejiuliza mara nyingi angelifanyaje neno hili. "Asiyedhuru" linafika, ila ulaini wa *unhurtful* unapotea njiani.

Mpangilio

Swali la tatu, la kufuata mpangilio, halikuwa la mashindano, lakini lilitupa jambo la ajabu kidogo ambalo siwezi kuliacha. Chukua *unhurtful* usome kutoka kushoto: u, kisha h, kisha u, kisha r, kisha u. Uhuru nzima imo, kwa mfuatano wake, imetenganishwa tu na n, t na f. Chukua *unhumorous*: u, h, u, r, u. Chukua *sulphurous*: u, h, u, r, u. Maneno matatu yaliyoshonwa kwa njia tatu tofauti yote yamehifadhi mpangilio uleule.

*Untruthful* peke yake limekataa. R yake inakuja kabla ya h, na baada ya h hakuna r tena. Herufi za uhuru zimo, uhuru haimo. Kijana mmoja alisema ni haki, kwani neno lenyewe maana yake ni -ongo. Tuliliacha hivyo.

Usiku, na kompyuta

Saa kumi na mbili tulikuwa na majibu matatu yanayoshindana. Binti wa kidato cha tatu alileta *untruthfulness*, herufi 14. Mvulana wa kidato cha pili alileta *humourousness*, herufi 13. Na mzee wa rangi alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa zamani, kwenye kipande cha boksi, *hydrosulphurous*, herufi 15.

La mvulana lilianguka, na nilisikitika kwa sababu alikuwa amefikiri vizuri. *Humour* ya Waingereza ina u mbili, ukiongeza *-ous* zinakuwa tatu, h na r zipo. Ila tahajia haiendi hivyo. *Humour* ikipokea *-ous* hudondosha u ya pili na kuwa *humorous*, hata kwa Mwingereza. Ndiyo maana *unhumorous* inahitaji *un-* ili ifikishe u tatu. Tovuti nyingi za maneno zingemkubalia, kwa sababu orodha zake zimeokotwa mitandaoni pamoja na makosa ya watu, na *humourous* ni kosa linaloandikwa kila siku.

Hapo niliona haja ya kuthibitisha kwa orodha ninayoijua asili yake. Usiku niliwasha laptopu yangu ya Linux. Mifumo ya jamii hiyo huweza kuwekewa faili la maneno ya Kiingereza, na mojawapo lililozunguka miaka mingi lilitolewa katika kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934, maneno zaidi ya 230,000, ambayo hatimiliki yake ilikwisha. Programu ya kuchujia ni *grep*, kazi ya Ken Thompson tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Mchujo wenyewe ni mstari mmoja:

grep 'u.*u.*u' words | grep h | grep r

Maana yake: nipe mistari yenye u, halafu chochote, u, halafu chochote, u, kati ya hiyo nibakizie yenye h, kati ya hiyo yenye r. Angalia kwamba kinachotangulia ni u tatu, kwa sababu ileile ya mchana: mchujo mkali ukitangulia, kazi inayobaki ni ndogo. Kwa swali la mpangilio unaandika 'u.*h.*u.*r.*u', na *untruthful* inaachwa nje yenyewe.

Kosa la watengenezaji wa tovuti ile ya kijana wa chuo nadhani nimelielewa. Njia ya haraka ya kompyuta ni kulipa kila neno tarakimu 26 za ndiyo na hapana, moja kwa kila herufi ya alfabeti: a ipo au haipo, b ipo au haipo. Kulinganisha tarakimu hizo ni kufumba na kufumbua. Lakini ndiyo na hapana haijui kuhesabu. U moja na u tisa kwake ni sawa.

Ipo njia nyingine inayohesabu, na niliwaonyesha vijana Jumapili kwa kalamu na karatasi kwa sababu ni hisabati ya kidato cha kwanza. Mpe kila herufi namba tasa yake kwa zamu: a ni 2, b ni 3, c ni 5, na kuendelea. H, herufi ya nane, inapata 19. R, ya kumi na nane, inapata 61. U, ya ishirini na moja, inapata 73. Neno ni zao la namba zake zote. Kwa hiyo UHURU ni 73 × 19 × 73 × 61 × 73, yaani 450,870,703. Neno lolote ambalo zao lake linagawanyika kwa namba hiyo bila baki lina herufi zote za uhuru, u tatu kamili, kwa kuwa kila namba huvunjika katika namba tasa kwa njia moja tu. Mtoto aliyekuwa akiuliza namba tasa zina faida gani alinyamaza akaanza kuzidisha. Tahadhari ni moja: namba hukua upesi. Zao la *untruthfulness* lina tarakimu 23, ambazo hazitoshi katika nafasi ambayo kompyuta huitengea namba ya kawaida, yaani biti 64, na programu isiyoandaliwa kwa namba kubwa itakupa jibu la uongo bila kukuonya.

Salfa

Lilibaki neno la mzee. Nilikiri kwamba sikulijua.

"Mzee wangu, hili umelipata wapi?"

"Kazini, Mwalimu. Sikulipata kwenye kamusi."

Akatueleza. Katika kupaka rangi nguo kwa nili na rangi za jamii yake, rangi yenyewe haiyeyuki katika maji. Inabidi uinyime oksijeni kwanza, iyeyuke, iingie kwenye uzi, ndipo ukitundika kitambaa upepo uirudishie rangi yake. Dawa ya kazi hiyo ilikuja kwenye mapipa yaliyoandikwa *sodium hydrosulphite*. Yeye aliyasoma mapipa yale kila siku miaka yote. Na fundi wa kemia aliyemfundisha kazi alimpa kanuni: chumvi ikiisha kwa *-ite*, asidi yake huisha kwa *-ous*, chumvi ikiisha kwa *-ate*, asidi yake huisha kwa *-ic*. Basi mzee alikaa pale barazani, akaitazama UHURU ukutani, akaikumbuka *hydrosulphite*, akaing'oa *-ite* akaweka *-ous*.

Nilisimama. Huyu hakusoma mofolojia popote, na alikuwa amefanya kile nilichokuwa nikiwafundisha vijana kwa chaki: kushika shina, kubadili kiambishi, kuamini kwamba lugha ina kanuni na kanuni hiyo itakufikisha kwenye neno ambalo hujawahi kulisikia. Na neno lipo. Kamusi kubwa za Kiingereza zinalo, pamoja na ndugu yake *hyposulphurous* lenye herufi 14, yote mawili yakiwa majina ya zamani ya asidi ambayo wanakemia wa leo huiita *dithionous*.

Kijana wa chuo, ambaye jicho lake ni kali, aliibua pingamizi la mwisho: leo huandikwa *sulfur*. Ni kweli. Huko Marekani ndiyo tahajia ya kawaida, na mwaka 1990 jumuiya ya kimataifa ya kemia, IUPAC, iliichagua *sulfur* yenye f. Chama cha kemia cha Uingereza kikaipendekeza miaka miwili baadaye. Ukiandika kwa f, *ph* inaondoka, na pamoja nayo h. *Sulfurous* ina u tatu na r, lakini haikidhi. Familia nzima ya maneno ya salfa, iliyo refu kuliko zote katika mchezo wetu, inafutika kwa badiliko la herufi moja ya sauti ileile. Vitabu vilivyotulea huku viliandika *sulphur*, na pipa la mzee liliandikwa hivyo pia. Tena si suala la Uingereza na Marekani tu: toleo la Webster la mwaka 1913, kamusi ya Kimarekani, linaandika *sulphur* kwa ph, na humo nilikuta *sulphureousness*, herufi 15, sawasawa na neno la mzee.

(Kwa wapenda maneno: kiberiti chetu kinatokana na neno la Kiarabu la salfa. Kila anayewasha jiko huitaja bila kujua.)

Uamuzi

Karatasi yangu haikutaja kamusi, haikutaja mwaka wa tahajia, haikusema kama *-ness* inaruhusiwa. Hayo yote ni ya mwamuzi kusema kabla, na hayakusemwa. Kwa hiyo nilikataa kumhukumu mshindani kwa kanuni niliyoitunga baada ya kuona jibu lake. Niliweka mpaka mmoja tu: neno liwe limechapwa katika kamusi fulani ya Kiingereza kwa tahajia hiyo. Kwa mpaka huo *humourousness* ilitoka. *Untruthfulnesses* ya wingi, herufi 16, ambayo mmoja aliileta Jumapili kwa matumaini, nayo ilitoka: sarufi inaiweza, lakini hakuna kamusi tuliyoiona imeichapa.

Kwa tahajia ya ph, mzee alishinda kwa 15. Kwa tahajia ya f, binti alishinda kwa 14, na neno lake lina sifa ambayo la mzee halina: halitegemei tahajia ya nchi yoyote, Mwingereza na Mmarekani huliandika sawa. Kamusi nilimpa binti. Machungwa nilimpa mzee, naye hakuyafikisha kwake. Aliyamenya palepale barazani kwa kisu chake, akayagawa.

Mashindano yajayo nimekwisha kuandika masharti upya. Herufi zitahesabiwa kwa idadi yake. Kamusi itatajwa kwa jina na mwaka. Viambishi vya nyuma vya kurefushia, kama *-ness* na *-ly*, vitapewa orodha yao pembeni, ili anayefikia shina gumu asizidiwe na anayeongeza mkia. Na kila mshindani ataleta pamoja na jibu lake orodha ya maneno aliyoyakosa.

Neno lililobandikwa ukutani Jumatano ni HARAMBEE. Ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana: a mbili, e mbili, h, r, m na b, na safari hii hakuna herufi adimu moja ya kushika mlangoni. Nilidhani watanijibu Jumamosi. Usiku huohuo simu yangu ililia. Ujumbe wa binti ulikuwa na salamu na neno moja:

"Shikamoo Mwalimu. *Antechamber*. Nimeanza na *chamber*, nikatafuta cha kuweka mbele."

Nikatoa kalamu nikahesabu. H moja, r moja, m moja, b moja. A mbili. E mbili. Herufi 11, na zimebaki tatu tu zisizo za harambee: n, t, c. Nilimjibu kwamba kwa Kiswahili cha nyumba zetu za zamani hicho ni chumba cha kwanza, anapongojea mgeni kabla ya kukaribishwa ndani, na kwamba nasubiri refu zaidi.